Trakta Isiyopata Moto

Dereva akiniambia kwa majivuno kwamba trakta yake haijachemsha hata mara moja tangu mavuno yaanze, naanza kuihofia trakta hiyo kabla sijaiona. Hapa kwenye uwanda wa Ufipa, kati ya Mei na Agosti, mshale wa joto unaolala upande wa baridi kutwa nzima ni ugonjwa, na ni ugonjwa unaoua taratibu bila kelele. Injini ndogo za dizeli ninazozishusha hapa Sumbawanga, nyingi hazikufa kwa kuchemsha. Zilikula silivu na ringi zake kwa kufanya kazi msimu baada ya msimu bila kufika kwenye joto zilizotengenezewa. Nimekuwa fundi wa trakta na pawatila kwenye uwanda huu kwa miaka mingi, na hili ndilo jambo ambalo natamani kila mwenye trakta, kuanzia Laela mpaka Namanyere, alielewe.

Asiyekujua huku anadhani Tanzania yote ni jua. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Mbizi na Malonje vinapita mita 2,000. Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, upepo wa kusini-mashariki unakatiza nyika isiyo na mti wa kuuzuia, na asubuhi nyingine ukungu hauinuki mapema. Na huo ndio wakati wa kazi. Mahindi yamekauka, ngano inavunwa, maharage yanapigwa, wanunuzi wamefika na malori yao. Matela yanatoka alfajiri kwenda kubeba mahindi shambani, na mashine za kupukuchua zinafungwa nyuma ya trakta.

Kulima kwenyewe kunakuja baadaye, Novemba mvua zikianza. Trakta ikivuta plau kwenye udongo mzito inapata moto bila kuombwa. Lakini kwenye mavuno inavuta tela tupu kwenda shambani, inasimama vijana wapakie, inatembea hatua mia moja hadi rundo linalofuata, inasimama tena. Kazi nyepesi, ya kukatikakatika, ndani ya baridi. Hakuna mazingira mabaya kuliko hayo kwa injini ya dizeli, na sisi ndivyo tunavyozitumia miezi mitatu mfululizo.

Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inawaka kwa sababu pistoni imebana hewa mpaka hewa yenyewe imekuwa moto. Chukua Massey Ferguson 240, mwenyeji wa siku nyingi wa mashamba yetu: injini yake ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, inaibana hewa mpaka ibaki sehemu moja kati ya 18 na nusu. Chuma kinachoizunguka hewa hiyo kikiwa baridi, kinainyang'anya joto kabla dizeli haijaingia. Juu ya hapo kuna mwinuko. Hewa tunayovuta hapa ina mgandamizo wa takriban asilimia 80 tu ya ule wa Dar es Salaam, kwa hiyo kila pistoni inaanza kubana ikiwa na hewa pungufu. Baridi na mwinuko vinashirikiana. Trakta inayowaka kwa mguso mmoja kule Kibaha, hapa alfajiri inazungushwa mpaka betri inalia.

Ikishawaka, matone ya dizeli yanayogusa chuma baridi hayaungui yote. Mengine yanatoka kwenye eksozi kama moshi mweupe unaochoma macho. Hayo hayanisumbui sana, kwa sababu yameondoka. Yanayonisumbua ni yale yanayobaki kwenye ukuta wa silinda: yanaosha utando wa oili ambao ringi inateleza juu yake, kisha yanapenya na kuteremka mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hapo chuma kinasuguana na chuma, na oili inayotakiwa kulinda fimbo za pistoni na kransha ni nyepesi kuliko ilivyonunuliwa.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho huhitaji kompyuta. Chomoa stiki ya oili asubuhi injini ikiwa imelala. Injini nzima hupunguza oili kidogo kidogo kadiri ya kazi. Ukikuta oili imepanda juu ya alama na hukuongeza, hiyo ni dizeli imeingia. Inusie. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uiache: dizeli hukimbilia pembeni na kuacha duara la rangi hafifu kuzunguka lile doa jeusi. Kisha fungua mfuniko wa kumiminia oili na uugeuze. Ukikuta povu zito jeupe limeganda chini yake, watu wengi hukimbilia kusema gasketi ya silinda hedi imekufa. Inawezekana. Lakini Julai, kwenye trakta inayofanya kazi za kusimama-simama, mara nyingi povu hilo ni mvuke wa moshi uliopenya kwenye ringi, ukageuka maji ndani ya chuma baridi na haukupata joto la kuukausha. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua. Kama hayapungui, usikubali kushusha hedi.

Maji hayo hayakai peke yake. Moshi wa dizeli una salfa, na salfa ikikutana na maji inazaa asidi. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeshusha sana kiwango cha salfa kinachoruhusiwa kwenye dizeli, na sisi mafundi tunashukuru, lakini asidi haijaisha. Hili halijagunduliwa leo. Watafiti wa Uingereza walilichunguza katika miaka ya 1930 wakakuta kwamba silinda inayofanya kazi ikiwa baridi inalika kwa kasi kubwa zaidi, na kwamba mlaji mkubwa ni kutu ya asidi kuliko msuguano wenyewe. Ukitoa silivu kwenye injini iliyokufa kwa baridi utaona: sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kuna ngazi unayoweza kuisikia kwa ukucha, na ukuta una vidoa vyeusi badala ya kung'aa.

Sasa tuje kwenye themostati, maana hapa ndipo tunapojiumiza wenyewe. Ni valvu ndogo yenye nta ndani yake, imekaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda rejeta. Maji yakiwa baridi inafunga, yanazunguka ndani ya injini tu mpaka yapate moto. Yakifika kiwango chake, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma valvu ifunguke. Kwenye trakta ndogo nyingi za Kubota inaanza kufunguka kwenye nyuzi 71 na kufunguka yote kwenye 85. Kwenye injini nyingine nyingi namba iliyogongwa juu yake ni 82 au karibu na hapo. Kazi yake ni hiyo tu, kuhakikisha injini inakaa kwenye joto lake, ukungu uwepo usiwepo.

Na hiyo ndiyo spea ya kwanza ambayo mafundi wetu huitoa na kuitupa. Nimeshika rejeta za trakta nyingi za uwanda huu, na ninapofungua nyumba ya themostati sishangai tena kukuta tundu tupu. Ukiuliza, jibu ni moja: ilikuwa inachemsha. Wengine wanakuambia themostati ni kifaa cha nchi za Wazungu, huku Afrika hakihitajiki.

Kuna mama mmoja wa upande wa Laela aliyekuja na trakta yake ikiwa imebebwa juu ya fuso. Ni mkulima mkubwa, trakta ameinunua kwa mahindi yake mwenyewe, na dereva wake ni kijana mchangamfu anayeipenda mashine. Kijana ndiye aliyeeleza.

"Fundi, mwaka juzi ilikuwa inarusha maji, mvuke mpaka unaogopa. Fundi mmoja akatoa themostati. Toka hapo haijachemsha kabisa. Ila sasa inakula oili, na asubuhi bila kusukumwa haiwaki."

Nilimwomba mfuniko wa rejeta. Mpira wake ulikuwa umechanika na springi imelegea kiasi kwamba niliibonyeza kwa kidole kimoja ikashuka hadi chini. Nikamweleza mama kwamba maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Baharini yanachemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mwinuko wetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa rejeta umewekwa ili kubana maji yasichemke mapema. Ule uliogongwa 0.9, ukiwa mzima, unayafanya maji ya Sumbawanga yastahimili mpaka karibu nyuzi 115. Ukifa, injini iliyo kwenye nyuzi 94, ambazo ni nyuzi za afya kabisa, inaanza kurusha mvuke na dereva anaamini inaungua.

Mama akanitazama. "Mwanangu, ndiyo maana maharage huku yanamaliza kuni kuliko kule bondeni kwa wifi yangu, Muze?"

"Ndiyo hiyohiyo, mama. Sufuria haijui kama uko Ufipa, maji ndiyo yanajua."

Alielewa kabla ya dereva wake, na alielewa kuliko mafundi wengi niliokwisha kubishana nao. Ugonjwa wa trakta yake ulikuwa mfuniko mmoja. Dawa aliyopewa ilikuwa kuondoa themostati, na dawa hiyo ikaifanya injini ifanye kazi misimu miwili ikiwa na maji ya uvuguvugu. Injini ile niliishusha. Silivu, pistoni, ringi, beringi za fimbo, vyote vipya, na mfuniko mpya, na themostati ikarudi mahali pake. Gharama ya mfuniko na themostati kwenye bili ile ilikuwa ndogo kiasi kwamba mama aliuliza kama nimesahau sifuri.

Nieleze pia kwa wanaodhani kutoa themostati kunasaidia hata kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kule Mtowisa na Ilemba ambako jua ni kali. Injini nyingine zina njia fupi ya maji inayozunguka ndani ya bloku, na themostati inapofunguka kabisa ndiyo inayoiziba njia hiyo ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupoozwa. Umeitoa ili isichemshe, na umeifanya ichemshe zaidi. Trakta ikichemsha kweli, anza na makapi na mbegu za majani zilizoziba matundu ya rejeta, feni belti iliyolegea, kutu ndani ya rejeta kwa sababu ya kujaza maji ya mtoni miaka yote, na huo mfuniko. Kulanti si ya nchi zenye barafu peke yake: inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, na vyote viwili tunavihitaji hapa.

Pawatila ni habari nyingine, na naipitia haraka. Tangu mpango wa Kilimo Kwanza ulipotangazwa mwaka 2009 zimeingia nyingi, na zile za injini ya Kichina ya silinda moja zina beseni la maji juu, lisilobanwa na mfuniko, lenye kiboya chekundu. Hizo zimetengenezwa zichemshe. Maji yakichemka yanachukua joto na kuondoka nalo kama mvuke, kwa hiyo injini inakaa kwenye nyuzi 94 zetu bila kifaa chochote. Dereva anayekimbilia kumwaga ndoo ya maji baridi kila akiona mvuke anaiumiza. Ongeza maji kiboya kinaposhuka, kidogo kidogo, basi.

Kuna mzunguko mbaya ambao nimeuona kwenye mashamba karibu yote. Unamkuta dereva amekaa kivulini, tela linapakiwa, na trakta inaunguruma silensa. Unamwambia azime, anakujibu: "Mzee, nikizima hapa haiwaki tena." Na anasema kweli. Kwa hiyo inaunguruma saa nzima bila mzigo, na injini ya dizeli kwenye silensa inapata wese kidogo mno, inapoa badala ya kupata moto. Nimeweka mkono kwenye bloku ya trakta iliyounguruma hivyo asubuhi nzima pale Matai na nikauacha mkono bila kuungua. Kila saa ya namna hiyo inaosha silinda zaidi, mbano unapungua zaidi, na kesho yake kuwasha kunakuwa kugumu zaidi, kwa hiyo anaogopa zaidi kuzima. Simlaumu dereva, anatafuta riziki na tajiri anataka tela lifike. Lakini betri nzuri na stata iliyofanyiwa kazi zingemruhusu azime, na zingelipa gharama yake kwa wese tu, hata kabla hujahesabu injini.

Kuipasha injini asubuhi pia watu wanakosea kwa wema. Wanaiwasha na kuiacha nusu saa. Dakika tatu hadi tano kwenye mizunguko 1,000 au 1,200 zinatosha, kisha iondoke kwa gia ya chini, mzigo mwepesi, bila kukanyaga sana mpaka mshale uinuke. Mzigo ndio unaoleta joto. Kabla ya kuwasha, tumia hita. Injini ya Massey niliyoitaja ina hita kwenye manifoldi inayochoma dizeli kidogo ili kupasha hewa inayoingia. Ufunguo una hatua yake kabla ya stata, na nakuta madereva wengi hawajui kwamba hatua hiyo ipo, au waya wake ulikatika zamani na hakuna aliyeuliza. Kubota zina plagi za hita ndani ya kila silinda. Zipime moja moja. Ikifa moja kati ya tatu, trakta itawaka ikitetemeka na kutoa moshi mweupe mpaka ile silinda iliyobaki nyuma ipate moto.

Oili nayo. Huku tumezoea oili namba 40 kwa sababu ni nzito na tunaamini nzito inalinda. Alfajiri ya Julai inakuwa nzito hata stata inalemewa, na inachelewa kufika juu kwenye roka wakati chuma kinaihitaji zaidi. 15W-40 ni nyepesi ikiwa baridi na inashika uzito wa 40 ikipata moto. Kwenye mwinuko wetu hakuna sababu ya kutumia nyingine kwenye injini ambayo haijachoka.

Wapo wanaowasha moto wa kuni chini ya sampu, na wapo wanaoshika kitambaa kinachowaka mbele ya mdomo wa kuvuta hewa. Nawasihi waache. Sampu ina oili, juu yake kuna paipu za dizeli zinazovuja, na nimeona trakta iliyoteketea pamoja na banda la mahindi. Mwenye pawatila ya beseni anaweza kumwaga maji ya uvuguvugu badala ya maji yaliyolala nje; hiyo ni njia salama na inasaidia sana. Mwenye trakta ya rejeta anaweza kuegesha ndani au kuikinga na upepo kwa turubai nzito. Kipande cha boksi mbele ya rejeta, kikifunika nusu yake, kinasaidia asubuhi za ukungu, na wakulima wa nchi za baridi hufanya hivyohivyo. Lakini kinataka dereva mwenye macho kwenye geji, maana saa nne jua likitoka na tela limejaa, boksi hilohilo litaichemsha kweli. Na kama geji imekufa, usiweke boksi. Tengeneza geji kwanza.

Kujua kama themostati ipo na inafanya kazi ni jambo la dakika chache. Washa injini ikiwa baridi, weka mkono kwenye mpira wa juu wa rejeta. Kama themostati ni nzima, mpira huo unabaki baridi wakati injini inapata moto, halafu ghafla, ndani ya muda mfupi, unakuwa wa moto. Mpira ukipata uvuguvugu polepole tangu dakika ya kwanza, basi themostati imekwama wazi au haipo. Ukiitoa, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni isiguse chini, na kipimajoto pembeni. Tazama nyuzi inapoanza kufunguka, linganisha na namba iliyogongwa. Kwa maji yetu yanayochemka kwenye 94, themostati ya 82 inapaswa kuwa imefunguka vya kutosha kabla sufuria haijachemka. Isipofunguka imekufa, na hiyo ndiyo ya kutupa.

Trakta zinazoshuka Ntendo kwenda Muze na kurudi huku kubeba mahindi zinapita karibu mita 1,000 za mwinuko kwa siku moja, kutoka ubaridi hadi kwenye bonde la Ziwa Rukwa ambalo liko karibu mita 800 tu. Wenye trakta hizo hunishawishi nitoe themostati bondeni na kuirudisha juu. Hakuna haja. Themostati ileile inafunga kwenye ukungu wa Mbizi na kufunguka kwenye jua la Mtowisa. Imetengenezwa kwa ajili ya safari kama hiyo.

Kinachonikwamisha sasa ni upatikanaji. Maduka ya spea mjini hayaweki themostati za trakta kwa wingi, na wenye maduka wananiambia wazi kwamba hazitoki, kwa sababu mafundi hatununui. Kwa hiyo naagiza Mbeya, zinakuja kwa basi, na mteja anasubiri siku mbili au tatu huku mahindi yake yako shambani na jirani anamwambia achomeke gasketi tupu aendelee na kazi. Nimewaomba wenye maduka wawili wajaribu kuweka chache kabla ya Mei, za 71 na za 82, pamoja na mifuniko ya rejeta. Mmoja amekubali. Ukija kwake, njoo na ile ya zamani mkononi kama unayo, au namba ya injini imeandikwa kwenye karatasi, maana zinafanana kwa sura na hazilingani kwa kipenyo.